Cherehani ya Wakfu

Jumapili ile Mama Pindo aliisafisha cherehani yake kama mtu anayemwogesha mtoto wa kupelekwa kwa wageni. Alitoa pamba ya nyuzi iliyojikusanya chini ya sindano, akadondosha mafuta tone tone kwenye vitundu ambavyo kidole chake kilivijua bila macho, akafuta miguu ya chuma, akafuta kanyagio, akakaza mkanda. Alipozungusha gurudumu kwa mkono, sindano ilipanda ikashuka bila mlio.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Nguo yake itapauka, itachanika, itageuka tambara la kupigia deki, lakini pindo liko palepale. Chumba chao kilikuwa kimoja na cherehani ndiyo iliyokaa dirishani penye mwanga. Kitanda kilisukumwa ukutani. Hapo alilala mumewe, dereva wa malori wa zamani, mwaka wa pili sasa tangu upande mmoja wa mwili umgomee. Mkono wa kulia ulikuwa ukilazwa kifuani pake na mtu mwingine, usipolazwa unaning'inia. Mdomo ulipinda kidogo. Ulimi, huo haukupooza hata siku moja.

Mwenye mkokoteni alifika mapema. Wakapakia cherehani kwanza, wakaifunga kamba, kisha wakampakia mzee kando yake juu ya godoro, naye akaishika mguu kwa ule mkono mzima ili isiyumbe.

"Unaitoa kweli?" akauliza walipofika njiani.

"Itarudi na mkokoteni huuhuu, mzee."

Na hakuwa akibahatisha. Kanisa lao lilikuwa na desturi yake. Mwaka wa tatu huu, ujenzi wa ukumbi mpya ukikwama tu, inatangazwa Jumapili ya Wakfu: kila nyumba ilete kitu inachokipenda kuliko vyote, kiwekwe mbele ya madhabahu, kiombewe, kisha kinadiwe palepale fedha iende kwenye ukumbi. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye tangazo. Ambalo halikutangazwa, ila kila mtu alilijua kwa macho yake, ni kwamba anayenunua humrudishia mwenyewe. Mwenye duka la dawa alileta friji, mwalimu mkuu akainunua, akamrudishia. Mwalimu mkuu alileta televisheni, mwenye duka la dawa akainunua, naye akarudisha. Mkandarasi, mzee wa kanisa, ndiye aliyewafunika wote mwaka jana alipoweka funguo za gari lake madhabahuni mpaka kina mama wakatoa machozi. Marafiki zake wakachangishana, gari likanunuliwa, na wimbo haujafika ubeti wa tatu akanyoosha mikono miwili akazipokea funguo zake. Kanisa zima likapiga vigelegele. Ukumbi ukapata fedha, Mungu akapata sadaka, na mkandarasi akaendesha kurudi nyumbani.

Watu wa mabenchi ya nyuma walileta mayai na kuku. Kuku hakurudishwa, wala hakuna aliyetazamia arudishwe.

Mwaka huu mchungaji alipita nyumba kwa nyumba. Kwao alikaa kwenye kiti chao kimoja, akamwombea mgonjwa, na alipofumbua macho yakatua dirishani. Akauliza kwa upole, mama, humu ndani unapenda nini kuliko vyote? Mama Pindo akacheka, akamwambia nampenda huyu mzee, baba mchungaji, ila huyu hapati mnunuzi. Wakacheka wote watatu. Mchungaji akangoja kicheko kiishe. Kisha akasema kwamba watakaoleta vipenzi vyao mwaka huu, wagonjwa wao watapelekwa mbele na kuombewa kwa majina, wazee wote wa kanisa wakiwa wamewawekea mikono. Hakumlazimisha mtu. Alisema hayo akaaga.

Mama Pindo alilala na neno hilo majuma mawili. Msimdhanie mjinga. Alikuwa na sare thelathini na mbili za shule, vitambaa vya watu vimekwisha kukatwa, sketi za marinda na mashati, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya majuma matatu. Alijua kile chuma ndicho kinachowalisha na kununua vidonge vya mzee. Lakini alimpenda Mungu, huyu mama, alimpenda kwelikweli, na alikuwa akiona haya. Kila mwaka mayai. Kila mwaka anayaweka pembeni ya friji na televisheni za watu, anarudi nyuma haraka kabla hajatazamwa. Alitaka mara moja katika maisha yake ampe kitu ambacho Mungu mwenyewe angekiona.

"Wale wanarudishiana kwa sababu kesho wanahitajiana," mumewe alikuwa amemwambia. "Wewe nani atakuhitaji kesho?"

"Usiwe hivyo, mzee. Sote si ndugu katika Bwana?"

"Ndugu, sawa. Hata lori na baiskeli ni ndugu wakiwa barabarani."

Kanisani mahubiri yalikuwa juu ya yule kijana tajiri aliyeshika amri zote, kisha akaambiwa auze alivyo navyo, akaondoka na huzuni. Mchungaji alihubiri vizuri, hilo nalo tuseme. Alisema Mungu hataki chumba moyoni mwako, anataka nyumba nzima. Mama Pindo alikuwa ameketi chini karibu na godoro la mumewe, amemshika mkono ule usiosikia, na kila neno lilimwingia.

Yakaja maombi ya wagonjwa. Mama yake mwalimu mkuu aliombewa kwanza, kwa jina lake na la ukoo wake, akafuata mtoto wa mwenye duka la dawa mwenye pumu. Waliwekewa mikono, wakaombewa mpaka jasho likawatoka wazee. Kisha katibu wa kanisa akatazama saa, akamnong'oneza mchungaji, na mchungaji akainua mkono akawaombea kwa pamoja wengine wote ambao majina yao Mungu anayajua. Mzee alifumbua jicho moja akamtazama mkewe.

Mnada ukaanza. Jiko la gesi likanunuliwa likarudishwa. Kochi likanunuliwa likarudishwa. Katibu akafika kwenye cherehani, akaisifu kwa maneno mengi, akauliza nani anaanza. Watu wa mbele wakatazama vitabu vya nyimbo, maana Mama Pindo hakuwa amewahi kumnunulia mtu kochi. Huku nyuma, jirani yake, mwanamke anayefua nguo za watu, alikwisha kupita benchi kwa benchi, na wanawake wakawa wanafungua vibindo. Akasimama akataja walichopata. Hakuwa amewahi kusema mbele ya kanisa. Katibu akatabasamu, akasema haya, tumeanza, nani anaongeza?

Mke wa mkandarasi akamsogelea mumewe sikioni. Mkandarasi akainua mkono akataja mara kumi yake.

Vigelegele! Mama Pindo machozi yakamtoka. Mkandarasi mwenyewe, mtu mwenye magreda na vibarua wasio na idadi, amemwona yeye wa benchi la nyuma. Akainuka. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele, akasimama pale alipokuwa amesimama mkandarasi mwaka jana, na kama alivyokuwa ameona, akanyoosha mikono yote miwili.

Mkandarasi akaitazama ile mikono kidogo. Kisha akachukua mmoja, akautikisa kwa heshima.

"Mungu akubariki sana, mama," akasema.

Vijana wake wawili walikwisha kuiinua cherehani, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mama Pindo alibaki amesimama na ule mkono wa pili umenyooka, mpaka katibu akamwambia taratibu kwamba anaweza kwenda kuketi, kuna kitu kinachofuata. Mchana ule mkokoteni ulirudi na mzee peke yake. Mwenye mkokoteni alikataa ujira, na hilo ndilo lililomliza mzee.

Jumatatu asubuhi Mama Pindo alikuwa mlangoni kwa mchungaji. Alipokewa vizuri, akawekewa chai. Akaeleza alivyoeleza, akizunguka huku na huko, mwishowe akasema alichojia: kama baba mchungaji angezungumza na mkandarasi, labda hakuelewa, labda hajui kwamba ndiyo kazi yake.

"Mama," mchungaji akasema, "ulitoa au uliazima?"

"Nilitoa, baba."

"Kwa moyo wote?"

Hapo angesema ndiyo, yakaisha. Lakini hakuwa mtu wa kudanganya nyumbani kwa mchungaji. Akainamisha kichwa, akakiri kwamba alidhani angerudishiwa kama wenzake.

Mchungaji akaweka kikombe chake chini. Hakukasirika, heri angekasirika. Akamkumbusha habari za wale mume na mke waliouza kiwanja, wakaficha sehemu ya thamani yake na kusema wameleta yote, na jinsi walivyoanguka wakafa mmoja baada ya mwenziwe. Akasema hamfananishi na wale. Akasema anatafakari tu.

"Kutoa ni moyo, mama, usambe ni utajiri. Mungu haangalii cherehani. Anaangalia ulichobakiza."

"Na wale wengine, baba? Wao mbona walirudishiwa?"

"Wale walirudishiwa na ndugu zao. Mimi nimlazimishe mtu arudishe kitu alichonunua kwa fedha yake?"

Chai ilipoa bila kunywewa. Mchungaji alimwombea, akamsindikiza hadi nje, na pale mlangoni akamwambia kwa furaha kabisa kwamba kanisa zima linamzungumza yeye. Akasema ushuhuda kama ule usikae bure.

Mumewe aliposimuliwa aliguna. "Yule kijana tajiri aliambiwa awape maskini au awajengee ukumbi?"

"Nyamaza, mzee. Kosa ni langu. Nilitoa huku nimeshanyoosha mikono ya kupokea."

"Na mkandarasi alivyonyoosha yake, hilo nalo ni kosa la nani?"

Laiti Mama Pindo angemlaumu mtu, angepona haraka. Lakini alijichimba mwenyewe siku baada ya siku. Akitunga uzi kwenye sindano, anajiuliza lini hasa moyo wake uligawanyika: pale aliposafisha kile chuma, au pale alipomwambia mzee itarudi? Akafikia kuamini kwamba maombi hayakumfikia mumewe kwa sababu ya ule unusu wake.

Akaanza kushona kwa mkono. Sketi moja ya marinda ilimla siku mbili, na vidole vikatoboka mpaka damu ikaingia kwenye kitambaa cheupe cha shati la mtu, akalazimika kulifua na kulianika kabla halijaonwa. Wazazi walikuja kwanza kwa upole, wakauliza, wakaondoka. Wakaja tena bila kuuliza. Wengi walikuwa wa kanisani na walimpongeza kwa sadaka yake huku wakikusanya vitambaa vyao, mkono, mgongo, kola, kila kimoja na alama yake ya chaki, wavipeleke kwa fundi wa mtaa wa pili. Kwao hapakuwa na ubaya, shule haingoji. Zikabaki sare saba za wale ambao fundi wa mtaa wa pili hakuwakopesha. Uji ukawa mwepesi. Vidonge vya presha mzee alianza kuvikata nusu, na kila akikata alisema hii nusu nyingine ni wakfu. Mara ya kwanza mkewe alicheka. Baadaye ilibidi atoke nje.

Jirani yake mfua nguo ndiye aliyemletea habari. Alikuwa akifua kwa mkandarasi siku mbili kwa juma, naye alisema cherehani ipo, ipo sebuleni kabisa, imewekwa pazuri. Hakutaka kusema zaidi. Mama Pindo akaona mwanga. Hataomba arudishiwe, la, hilo limepita. Ataomba akaishonee hukohuko, kibarazani, hata nyuma kwenye kufulia, sare saba tu. Siku nne zingetosha. Hata Mungu asingesema hapo amenyang'anya kilicho chake. Mumewe alimsikiliza, akamwambia avae viatu vile vizuri.

Mlinzi wa getini alimngojesha juani hadi ruhusa ikatoka ndani. Mke wa mkandarasi alimpokea kwa mikono miwili, akamwita mama yangu, akamshika bega akamwingiza sebuleni, na hakuwa akiigiza. Alifurahi kweli kumwona.

"Njoo uone tulivyoiheshimu," akasema.

Miguu ya chuma ilikuwa imepakwa rangi nyeusi ya kung'aa. Ile mbao iliyolainishwa na viwiko vyake kwa miaka kumi na tisa haikuwapo, mahali pake paliwekwa kioo kinene. Juu ya kioo palikuwa na chombo cha maua na Biblia kubwa iliyofunguliwa, na katikati kilisimama kichwa cha cherehani kimepakwa dhahabu chote, kuanzia sindano hadi gurudumu. Hata vile vitundu vya mafuta vilikuwa vimezibwa na dhahabu. Mkanda ulikuwa umetolewa. Kanyagio limechomelewa lisiguswe, maana wajukuu wakija, mwenye nyumba alieleza, huchezea kila kitu.

Mama Pindo alisimama pale. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu mtaani yalimpotea yote, likabaki moja.

"Inashona?"

Mke wa mkandarasi akacheka kwa wema. "Ishone nini tena, mama yangu? Hii imeshamaliza kazi za dunia. Kila mgeni anayeingia humu anauliza, nasi tunamsimulia habari zako. Kuna mmoja alilia."

Mama Pindo akajikaza, akasema alikuwa amekuja kuomba ashonee hapahapa, siku nne tu, kuna sare saba za watoto. Mke wa mkandarasi akasikitika mpaka akamshika mkono. Laiti angesema mapema, akasema. Maana rangi yenyewe ni ya gharama, fundi ameonya isikwaruzwe. Akamuuliza mzee anaendeleaje, akaagiza afungiwe mkate wa kupeleka.

Kabla mkate haujaletwa, magari yakaingia getini. Walikuwa kina mama wa ushirika, wale wa mabenchi ya mbele, waliokuja kupanga Jumapili ya Wakfu ijayo, kwa sababu ukumbi bado haujaezekwa. Wakamkuta Mama Pindo katikati ya sebule. Mke wa mkandarasi akasema, si mnaona Bwana anavyofanya, huyu hapa mwenyewe! Wakamzunguka, wakamkumbatia mmoja mmoja, manukato yao yakamganda kwenye nguo. Mke wa mwenye duka la dawa akatoa simu. Alisema tangazo la safari hii lisiandikwe maneno matupu, liwe na picha, watu waone utoaji wa moyo wote unavyofanana.

Wakamsimamisha kando ya cherehani. Wakamwambia aweke mkono juu yake, kama alivyokuwa akifanya zamani. Akauweka pale mkono wake ulipozoea, juu ya gurudumu, akalisukuma kidogo. Halikusogea. Akalisukuma tena kwa nguvu zaidi, mpaka maua yakatikisika juu ya kioo.

"Tabasamu, mama. Mungu hapendi mtoaji mwenye uso wa msiba."

Akatabasamu. Mwenye simu akainama, akasogea kushoto, akarudi, akainama tena, hakuridhika.

"Mama, hebu sogeza mkono kidogo," akasema. "Unaziba dhahabu."

Akausogeza.